Sina shida na ukuta, nionyeshe tu geti la kutokea



Wiki tatu zilizopita nilipoteza kazi ya shilingi 18,000. Sikuwa mvivu, mteja hakunihepa, mvua haikunyesha siku ya kupiga. Nilibadilisha simu. Hiyo tu.

Ilikuwa hivi. Niliitwa kupiga video ya ruracio huko Murang'a. Wazee wamekaa, mahari inajadiliwa, kina shosho wanaimba, mambo yote safi. Nikarudi Nairobi nikakaa na hiyo video siku kumi nikiihariri kwa simu, kwa programu moja ambayo nimekuwa nikiilipia kila mwezi kwa karibu miaka miwili. Jina sitataja, na haijalishi, juu vile utaona hii tabia si ya kampuni moja. Simu yangu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hivyo kila nikiingiza klipu kwa programu, nafuta ile ya galari. Programu iliniambia kazi yangu iko salama kwa mtandao wao. Nikaamini.

Zikabaki siku mbili nipeane kazi. Nikishuka mat pale Ngara, simu ikaponyoka, mat ya nyuma ikaikanyaga. Imeisha. Nikakopa kwa mathe, nikaenda Luthuli, nikanunua simu ya mtumba ambayo pesa yangu ilifika. Ya kampuni tofauti. Nikaweka programu ile ile, nikaingia na akaunti ile ile, nywila ile ile.

Kwanza ikaniambia sijalipia. Nilikuwa nimelipia, lakini kupitia duka la programu la simu ya kwanza, na duka hilo haliongei na la simu ya pili. Sawa, nikalipa tena. Kisha nikatafuta kazi yangu. Iko! Naona picha yake ndogo, naona na jina nililoipa, "Ruracio ya mwisho kabisa". Nikifinya, inaniambia kazi hii ilitengenezwa kwa aina nyingine ya kifaa, haiwezi kufunguliwa hapa.

Video ni yangu. Nimeilipia mara mbili. Naiona kwa macho. Siwezi kuifungua.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "si ungekopa simu ya aina ile?" Nilikopa. Nilipata msee wa kunipea siku ya sita, juu hakuna mtu hupeana simu yake kirahisi, na wewe unajua. Siku ya sita mteja alikuwa ameshachoka na hadithi zangu. Watu wake walikuwa wameunganisha vipande walivyopiga kwa simu zao, wakatuma kwa kikundi cha familia, ikaisha hivyo. Akadai malipo ya kwanza, 9,000. Hizo nilikuwa nimeshalipia keja.

Sehemu ya hilo kosa ni langu. Nilifuta klipu. Sikuweka nakala kwingine. Nimekubali. Lakini nimekuwa nikifikiria hii kitu usiku na mchana, na nimeona kosa langu kubwa halikuwa kufuta klipu. Kosa langu kubwa ni kwamba miaka miwili nilikaa ndani ya nyumba ya mtu na sikuwahi kuuliza mlango wa kutokea uko wapi.

Esteti yenye geti

Acha nieleze kwa lugha yetu. Kuna esteti za huku Nairobi zenye ukuta mrefu, waya wa stima juu, askari kwa geti. Ndani ni pazuri. Barabara haina mashimo, taka zinabebwa, watoto wanacheza bila wasiwasi. Kampuni za teknolojia zinajenga esteti kama hizo. Simu yao, saa yao, vipokea sauti vyao, duka lao la programu, hifadhi yao ya picha, mfumo wao wa malipo. Kila kitu kinaongea na kingine vizuri mpaka unashangaa. Picha umepiga kwa simu, iko kwa kompyuta kabla hujakaa.

Sitadanganya, inafurahisha. Anayesema watu wananunua hizo vitu juu ya kujionyesha tu hajawahi kuzitumia. Vitu vinavyotengenezwa na mtu mmoja kwa kawaida vinaelewana, na mtu mmoja akiamua ni nani aingie, matapeli wanapungua.

Sasa fikiria esteti ambayo ukihama, askari anakwambia: kitanda kinabaki, sufuria zinabaki, picha za ukutani zinabaki, hata majirani zako hawataweza kukupigia simu tena. Ulinunua wewe, lakini zilitengenezwa za hapa. Ukitaka kuhama, hama na nguo.

Ungeendelea kukaa, si ndiyo? Na mwenye esteti angekutazama kwa dirisha aseme, "Ona, wapangaji wangu wananipenda, hawahami."

Hapo ndipo shida yangu iko. Kuna kukaa mahali juu unapapenda, na kuna kukaa juu kutoka ni ghali. Kwa karatasi za kampuni, wote wawili wanahesabika kama mteja mwaminifu. Kwa maisha, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mimi hii nimeijua mahali pengine kabla ya simu. Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kile sijawahi kusema ni kwamba nilitaka kuacha mapema zaidi. Nilikaa muhula mzima nikijua hiyo kozi si yangu, na sababu ilikuwa moja tu: masomo niliyokuwa nimeshafaulu hayangehesabiwa mahali pengine nilipoulizia. Ningeanza sifuri. Kwa hivyo nikakaa, nikalipiwa karo ya muhula mwingine, pesa ya mathe, nikisomea kitu ambacho kichwa changu kilikuwa kimeshahama. Hakuna mtu alinifungia mlango. Bei ya mlango tu ndiyo ilikuwa juu.

Wakenya, hii vita tunaijua

Watu wakisikia mjadala wa mifumo iliyofungwa wanadhani ni mambo ya wazungu kubishana kuhusu iPhone na Android. Zii. Sisi tumepitia hii vita, na tumepitia kwa pesa zetu wenyewe. Kama uko na miaka kama yangu, ulikuwa mtoto, lakini uliza mathe wako.

Muulize kwa nini alikuwa anatembea na laini mbili ama tatu kwa mkoba. Atakwambia kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa kunauma. Mwaka wa 2010 mdhibiti akashusha ile ada ambayo kampuni zinalipana simu ikivuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21. Zain, ambayo leo ni Airtel, ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika. Hizo kampuni hazikuamka siku moja na roho safi. Ukuta ulishushwa kidogo, ushindani ukaingia, na mathe wako akaongea na dadake bila kuangalia saa kila sekunde.

Halafu Aprili 2011 tukapewa ruhusa ya kuhama na namba. Yaani namba yako ya Safaricom unaweza kuibeba uende nayo Airtel. Kwa karatasi, hiyo ni uhuru kamili. Ushawahi kuona mtu amehama? Wachache sana walihama, na sababu iko wazi: namba ilikuwa inahama lakini M-Pesa inabaki. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na kufikia wakati huo kodi, karo, chama, pesa ya kutumia shosho, yote yalikuwa humo. Ni sawa na kuambiwa unaweza kuhama na mlango wa mbele lakini nyumba inabaki. Hilo somo naomba mlishike, juu tutarudi kwake: mtu akikwambia uko huru kuondoka, angalia anakuachilia na nini.

Kisha kukawa na mawakala. Kwa miaka, wakala wa M-Pesa alikuwa wa M-Pesa peke yake. Kile kibanda cha kijani mtaani, hata kama mwenyewe alitaka kuhudumia kampuni nyingine aongeze faida, mkataba ulimkataza. Mwaka wa 2014, baada ya Airtel kulalamika, Mamlaka ya Ushindani ilisema hiyo mikataba ifunguliwe. Mwenye kibanda akawa na haki ya kuhudumia anayetaka.

Na kutuma pesa je? Zamani ukituma kutoka M-Pesa kwa mtu wa laini nyingine, alikuwa anapata ujumbe wenye namba ya siri, anaenda nayo kwa wakala, na ada yake ilikuwa juu kuliko ya kumtumia mwenye M-Pesa. Aprili 2018 ndipo mitandao ilianza rasmi kupokezana pesa, mfuko wa simu moja hadi mfuko wa simu nyingine. Mwaka wa 2022 ikafika kwa namba za malipo za maduka, ukaanza kumlipa mama mboga kwa til yake hata kama laini yako si ya mtandao wake.

Sasa angalia kitu kimoja. Kila mara ukuta ulipokuwa unataka kushushwa, hoja zilikuwa zile zile. Sisi ndio tulijenga. Usalama wa wateja. Mtaharibu huduma. Ukuta ukashuka 2014, ukashuka 2018, ukashuka 2022. M-Pesa ilikufa? Hebu angalia simu yako. Bado ndiyo kubwa, bado iko mbele mbali sana, bado ndiyo ya kwanza kutajwa mtu akisema "nitumie". Kama iko mbele, basi wengi wanabaki kwake juu inawafaa. Na wewe ambaye haikufai, una njia, hata kama bado ni nyembamba.

Sitaki kudanganya pia kwamba ushindani ukifunguliwa kwa karatasi basi mambo yote yako sawa. Kampuni ikishakuwa kubwa vile, watu wanakaa kwake juu watu wako kwake. Wewe huendi penye huduma ni nzuri, unaenda penye pesa ya wengine iko. Ndiyo sababu geti likicheleweshwa kufunguliwa miaka kumi, hata likifunguliwa wachache ndio watatoka. Kuchelewa kwenyewe ni faida ya mwenye ukuta.

Huko nje wanapigana na nini

Turudi kwa simu. Duka la programu la Apple lilifunguliwa 2008, na kwa miaka ada iliyozoeleka ilikuwa asilimia 30 ya kila kitu cha kidijitali kinachouzwa ndani ya programu. Tangu 2021 wale wadogo, wanaopata chini ya dola milioni moja kwa mwaka, wanaweza kulipa asilimia 15. Shida haikuwa ada peke yake. Kama wewe umetengeneza programu, ulikuwa huruhusiwi hata kumwambia mteja wako ndani ya programu yako mwenyewe kwamba kwa tovuti yako bei ni ya chini.

Fikiria umekodi kibanda Gikomba, na mwenye soko anakwambia hauruhusiwi kumwambia mteja una kibanda kingine Toi chenye bei nzuri.

Agosti 2020 Epic, wenye mchezo wa Fortnite, waliweka njia yao ya malipo ndani ya mchezo makusudi. Siku hiyo hiyo Apple ikautoa Fortnite kwa duka. Google pia ikautoa kwa duka lake. Wakapelekana kortini. Septemba 2021 jaji akaamua madai mengi kwa upande wa Apple, lakini hilo la kukataza watu kumwonyesha mteja njia nyingine akasema liishe. Apple ikaruhusu viungo vya nje, na ikaweka ada mpya ya asilimia 27 kwa kile mteja ananunua huko nje. Yaani unatoka kwa geti, askari anakufuata mpaka dukani. Aprili 2025 jaji akasema Apple imekiuka amri yake, na mwezi uliofuata Fortnite ikarudi kwa iPhone za Marekani, baada ya karibu miaka mitano.

Na kabla mashabiki wa Android hamjaanza kurusha ngumi hewani, tulieni. Desemba 2023 wazee wa baraza huko huko Marekani walikubaliana na Epic kwamba Google nayo imehodhi soko kinyume cha sheria kupitia duka lake la programu. Ndiyo, kwa Android unaweza kuweka programu kutoka nje ya duka. Lakini mlango kuwepo na mlango kutumika ni vitu viwili. Unaweza kuacha mlango wazi kisha ukaweka mabango ya hatari mbele yake na ukalipa majirani wasiupitie.

Kwa hivyo hii si kesi ya Apple mbaya na Android nzuri. Ukigeuza hii mjadala iwe ya timu, umeshinda wewe na umepoteza pesa yako. Kampuni kubwa inapenda sana tukibishana ni ukuta wa nani mzuri. Bora tusiulize kwa nini kuna ukuta.

Kuna habari nzuri moja, na wengi wenu mnayo mfukoni. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba simu zote zinazouzwa huko zitumie tundu moja la chaji, USB-C, na ikaanza kufanya kazi mwisho wa Desemba 2024. Apple ilikuwa na tundu lake tangu 2012 na ilipinga, ikisema sheria kama hiyo itaua ubunifu. Septemba 2023 ikatoa iPhone 15 na USB-C, kwa dunia nzima. Hakuna Mkenya alipiga kura kwa hiyo sheria. Lakini leo ukienda kwa sherehe na iPhone yako mpya, unakopa chaja ya msee wa Tecno na dunia inaendelea. Huko kubishana kwa Brussels kumekuokoa shilingi mia tano za chaja pale tao.

Hapo hapo kuna kitu kinanisumbua. Tunangojea Ulaya itufungulie. Sheria nyingine yao ya masoko ya kidijitali, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, imelazimisha Apple kuruhusu maduka mengine ya programu kwa iPhone, lakini kwa watu wa Ulaya. Chaja ilikuja mpaka hapa juu ni ghali kutengeneza simu mbili tofauti. Programu si chuma. Wanaweza kufungua geti la Paris na kuacha la Nairobi limefungwa, na hakuna kitu kitawagharimu. Kama hatuna mtu wetu wa kusema, tutabaki tunasoma uhuru wa wengine kwa simu zetu.

Ukweli wa upande wa pili

Nimebishana na kaka yangu mkubwa kuhusu hii kitu. Yeye hufanya kazi ya kompyuta, na ana hoja, kwa hivyo niwape vile aliniambia.

Hoja ya kwanza: usalama. Alinikumbusha jirani yetu aliyetumiwa kiungo cha programu ya mkopo, akaiweka bila kupitia duka lolote, na ndani ya wiki ikaanza kutumia watu wote kwa simu yake ujumbe kwamba yeye ni mwizi. Duka lenye askari lingemwokoa, ama lingejaribu. Hiyo ni kweli na sitaipuuza. Mathe wangu simtakii simu ambayo kila kitu kinaingia.

Hoja ya pili: aliyejenga anastahili kula. Ukijenga soko, ukaweka taa, vyoo na askari, utadai kodi. Hiyo pia ni kweli. Kama kila mtu anaingia bure, nani atajenga soko lingine?

Nilimjibu hivi, na bado naamini. Askari anayekagua anayeingia ni kitu kimoja. Askari anayemzuia anayetoka ni kitu kingine. Ukiniambia umenizuia kuweka programu ya tapeli, asante. Ukiniambia video yangu ya ruracio haiwezi kutoka kama faili la kawaida kwa ajili ya usalama wangu, usalama upi? Nani analindwa hapo, mimi ama malipo yangu ya mwezi ujao?

Na kodi, toza. Lakini nitozee kazi uliyofanya. Usinitozee kwa sababu umenifungia.

Kaka yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa hapo kwa kutoka, umesema." Kwetu hiyo ni kama kushinda kesi.

Sisi wadogo ndio tunaumia zaidi

Mtu mwenye pesa akifungiwa, ananunua njia. Anakuwa na simu mbili, kompyuta ya kila aina, hifadhi tatu. Sisi tunanunua simu ile mfuko unaruhusu siku hiyo. Leo ni ya kampuni hii, mwaka ujao ikianguka ni ya kampuni ile. Maisha yetu ni ya kuhama hama. Mfumo unaomwadhibu mtu kwa kuhama unamwadhibu maskini kwanza.

Na angalia mahali tunafanya kazi. Wafuasi wangu wako kwa jukwaa la mtu. Wateja wangu wako kwa WhatsApp. Siku nitafungiwa akaunti kimakosa, sina hata namba ya mtu mmoja kati yenu, juu jukwaa halinipi. Nimejenga kwa shamba la mtu na hata miche siwezi kung'oa.

Mtu anasema, "Basi hama WhatsApp." Nihame niende wapi, na chama cha mathe, kikundi cha mazishi, kikundi cha ploti, wateja, wote wako humo? Linganisha na barua pepe. Mimi niko Gmail, wewe uko Yahoo, ofisi iko na yake, na barua zinafika. Hakuna mtu amewahi kuniambia nihame nije kwake ndiyo anitumie barua. Hiyo ndiyo dunia ya wazi, na imekuwa mbele yetu muda wote, imezoeleka mpaka hatuioni.

Sasa tufanye nini

Sitaki kumaliza nikilia. Kwanza kwa upande wetu. Tangu hii shida nimejipa maswali matatu, na sasa siweki programu yoyote ya kazi kabla sijayajibu.

Nikitoka, natoka na nini? Natafuta mahali pa kutoa kazi yangu kama faili la kawaida ambalo programu nyingine inafungua. Nalijaribu siku ya kwanza, si siku ya matanga. Kama halipo, hiyo programu ni ya kuchezea, si ya kazi.

Nikilipa, nimelipa kwa nani? Kukiwa na uwezekano, nalipa kwa tovuti ya wenye programu, si kupitia duka la simu, ndiyo malipo yanifuate nikibadilisha simu. Mara nyingine hata bei inashuka.

Nakala iko wapi ambapo si kwao? Nimenunua diski ndogo ya mtumba. Kila Jumapili jioni naunganisha, nakopi klipu, nalala. Inachukua dakika ishirini. Ningekuwa na hiyo tabia mwezi mmoja mapema, ningekuwa na 18,000 na jina zuri Murang'a.

Upande wa wenye mamlaka, Mamlaka ya Ushindani iko, na imeonyesha inaweza. Ilifungua vibanda vya mawakala. Kile nataka ni kitu kidogo, si kuvunja kampuni ya mtu. Nataka iwe haki: kitu nilichotengeneza mimi, picha, video, orodha ya wateja, rekodi za malipo, nikidai nipewe, kwa namna ambayo mwingine anaweza kusoma, bila ada ya adhabu. Wajenge ukuta mrefu wanavyotaka, waweke na maua. Geti la kutokea libaki wazi. Kama nyumba ni nzuri, wapangaji watakaa. Kama wapangaji wanakaa juu tu ya geti, basi nyumba haikuwa nzuri.

Yule mteja wa ruracio nilimpigia tena juzi. Nilikuwa nimeshaimaliza ile video kwa simu ya kukopa, nikaitoa, nikamtumia bure. Akanyamaza sana kwa simu. Akaniambia mzee mmoja aliyeongea kwa ile sherehe, kakake babake, alifariki wiki iliyopita, na kwa vipande vyao vya simu sauti yake haisikiki. Kwa yangu inasikika.

Hakunilipa, na sikumwomba. Lakini nilikaa hapo nikifikiria: hiyo sauti ya mzee, kwa siku sita, ilikuwa ya kampuni ambayo hata haijui Murang'a iko wapi.

Niambieni hapo chini: ni programu gani imewahi kukufungia kitu chako mwenyewe? Na leo kabla hulale, fungua ile unatumia zaidi, utafute geti. Ukilipata, sawa. Ukikosa, angalau sasa unajua unaishi wapi.